Chini ya miangati mizee ya Shume

Ukimtajia Mtanzania msitu wa miti ya sindano, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye shamba la miti: Sao Hill kule Mufindi, West Kilimanjaro, Meru. Misindano imesimama kwa mistari, chini pasafi, juu kimya. Hata mimi nilikua nikiifahamu miti hiyo hivyo. Lakini tunayo miti ya ukoo huohuo iliyokuwepo hapa kabla ya shamba lolote la serikali, ambayo hakuna mtu aliyeipanda, na chini yake pana maisha tele. Naandika kuhusu msitu huo kwa sababu naupenda, na kwa sababu kinachoupa uhai ndicho hichohicho tunachokimbilia kukiondoa: miti mizee, yenye mashimo, mingine imekufa lakini bado imesimama.

Shume iko upande wa machweo wa Usambara Magharibi, wilaya ya Lushoto. Kutoka Lushoto mjini unapanda kwanza Magamba, kisha unaifuata barabara ya Lukozi, soko la viazi, kabichi na karoti zinazopakiwa kwenye malori usiku kwenda Dar es Salaam. Magamba ni kubichi. Upepo wa Bahari ya Hindi unaupiga mlima, unapanda, unapoa na kumwaga maji, kwa hiyo huku kuna ukungu, miti minene ya mikulo, makangaga na udongo mweusi unaoshika kiatu. Ukivuka kwenda Shume mvua inapungua, kwa kuwa mawingu yameshafika yakiwa mepesi. Baridi inabaki ileile. Halafu mlima unakatika ghafla, na zaidi ya mita elfu moja chini yako unaiona nyika ya Mkomazi ikiwaka jua. Ukanda huo wa juu, wenye baridi lakini usio na mvua nyingi, ndipo mwangati unapopenda kuishi.

Mwangati ni Juniperus procera wa wataalamu, mtarakwa wa ndugu zetu Wakenya. Juniperi karibu zote duniani ni miti ya nusu ya kaskazini. Huu peke yake ndio uliovuka ikweta na kuota wenyewe upande wa kusini. Unaanzia milima ya Saudi Arabia na Yemen, unapita Eritrea, Ethiopia na Somalia, unashuka Kenya na Tanzania, unafika nyanda za Nyika kule Malawi, na kidogo sana Zimbabwe. Wasomaji walioko Oman wanaweza kumwona binamu yake juu ya Jabal Akhdar, juniperi ya aina nyingine iliyopinda na kushikilia mwamba. Wa kwetu unasimama wima, na ukipata nafasi hufikia mita arobaini.

Katika msitu huohuo kuna podo. Mtu asiyeijua hawezi kudhani kwamba podo na msindano ni wa kundi moja la miti, konifa, maana majani yake ni mapana kiasi, marefu, ya kijani kilichoiva, na mbegu yake haimo ndani ya koni ngumu. Lakini ndiyo hali halisi. Miangati na podo ndizo konifa zetu wenyewe, na mahali zinapokutana zikiwa kubwa, zimechanganyika na mizeituni mwitu, ni mahali pa kutembea taratibu.

Eneo kubwa la msitu huu liko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Unapita ofisini, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Wangu ni kijana wa hapohapo Shume, mwenye masikio makali kuliko mtu yeyote niliyewahi kutembea naye. Ananiita dada ingawa angeweza kabisa kuniita mama.

Njia tunayoipenda inaanzia kwenye misindano ya kupandwa, na mimi huwa sitaki kuikwepa sehemu hiyo. Inafundisha. Pinus patula ilitoka Mexico, na saiprasi iliyopandwa jirani yake, Cupressus lusitanica, ilitoka hukohuko. Ilipoletwa, wadudu wanaokula majani yake kwao hawakuja nayo. Wa kwetu hawakuizoea. Mti usioliwa na viwavi hauna chakula cha ndege, na mti unaovunwa ukiwa na miaka ishirini na kitu haujapata hata muda wa kuoza tawi. Sindano zake zinaoza polepole, zinatandika zulia la kahawia ambalo mbegu nyingi hazilipenyi. Ndiyo maana pamenyamaza.

Na mdudu mgeni alipokuja kweli, alikuja bila adui zake. Vidukari vya saiprasi vilionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 vilikuwa vimeingia Kenya, vikikausha saiprasi kwa ekari. Vilishambulia na miangati pia. Wataalamu walilazimika kuleta nyigu mdogo sana anayetaga ndani ya mwili wa kidukari, ili mizani irudi kidogo. Nikipita kwenye shamba la saiprasi huwa nawaza jambo hilo: mti mgeni mmoja uliopandwa kwa wingi, na mdudu mmoja mgeni, na msitu wetu wa asili ukalipa sehemu ya gharama.

Hata hivyo shamba la misindano si jangwa. Kima wanalijua vizuri sana. Hubandua gome la miti michanga na kulamba utomvu wenye sukari ulio chini yake, jambo linalowakera mabwana misitu wa Kenya na Tanzania tangu zamani. Na kuna kipande kimoja, kwenye mteremko mkali ambako nadhani wavunaji waliona taabu kukokota magogo, ambako misindano iliachwa ikapitiliza umri wake. Upepo umeangusha michache. Mwanga umeingia. Chini yake kumeota makangaga, miche ya miti ya asili, mti mmoja wa podo unaonifika kifuani. Mbegu hizo zililetwa na ndege na popo kutoka msitu wa jirani. Kama misindano ingeachwa hivyo mahali pengi, nina hakika tungeizungumzia tofauti.

Kisha njia inavuka kijito na unaingia kwenye miangati.

Kwanza ni harufu. Aliyewahi kuchonga penseli darasani anaijua, ile harufu tamu kavu ya vumbi la mbao, na hapa inatoka kwenye matawi yaliyovunjika na kwenye magogo yaliyolala. Pili ni mwanga, kwa sababu kilele cha mwangati mzee si kizito. Jua linapita kwa vipande, na chini panaota nyasi laini na vichaka. Tatu ni kelele: nyuki, ndege, matawi yanayosuguana, na kitu kinachodondosha maganda kutoka juu.

Kuna mwangati mmoja ambao nimeuchunguza kuliko mingine. Shina lake halikuviringa sawasawa, lina mifereji mirefu inayopanda ikijisokota kidogo kuelekea kulia. Gome ni jembamba, la nyuzi, linabanduka kwa vipande virefu vya rangi ya kijivu, na chini ya kila kipande kuna wekundu. Nilibandua kimoja kilichokwisha kujiachia chenyewe. Ndani yake walikuwamo buibui wawili bapa, mayai meupe madogo ya kitu nisichokitambua, na mjusi aliyeondoka kabla sijamwona vizuri. Upande wa kusini, kwa urefu wa kichwa changu, kumeota uyoga mgumu wa umbo la kwato, mweusi juu na wa rangi ya kutu chini. Uyoga huo ndio dalili ya kinachoendelea ndani. Mbao za mwangati zinasifika kwa kutoliwa na mchwa na kutooza hata zikichimbiwa ardhini, ndiyo maana nguzo zake zinadumu. Lakini kuvu huyu amejifunza kukila kiini chake mti ukiwa hai. Mti unaendelea kupandisha maji kupitia mbao za nje, unaendelea kuzaa, huku katikati unazidi kuwa mtupu.

Nje unauona mti mzima. Ndani ni jengo la ghorofa. Kwenye mti ule, kigong'ota ametoboa pale mbao zilipolainika, na shimo lake la mwaka juzi sasa lina nyuki. Juu zaidi, tawi kubwa lilipong'oka liliacha pengo linaloweza kuingia mtu mzima akijikunja. Matawi ya juu yananing'inia nyuzi za kijivu-kijani, ambazo ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja kama kiumbe kimoja, nazo ndege huzichuma kwa ajili ya viota. Kwenye shina lenye nyuzi hizo ndipo unapopaswa kutazama ukimtaka Ploceus nicolli, kwera wa Usambara, ndege adimu wa milima yetu ya mashariki anayetambaa kwenye matawi akichokoa wadudu badala ya kula nafaka mashambani kama kwera wengine. Mimi nimemwona kwa sekunde chache tu. Mwongozaji wangu alimtambua kwa sauti kabla hajatokeza.

Tuliukagua mti huo chini. Kijana alichutama, akasogeza majani, akanionyesha vinyesi vidogo vya mviringo vilivyorundikana mahali pamoja.

"Mwenye nyumba yumo," akasema. "Usiku utamsikia."

Mwenye nyumba ni perere. Ana ukubwa wa sungura mnene, kilo mbili hadi nne, manyoya mazito ya kahawia, masikio mafupi. Kwa kumtazama hafanani kabisa na tembo, lakini ndugu zake wa karibu waliobaki duniani ni tembo na nguva. Miguu yake haina makucha ya kushikia kama ya kindi. Ana nyayo laini zenye unyevunyevu zinazonata kwenye gome, na hivyo ndivyo anavyopanda shina lililonyooka. Jambo muhimu zaidi kwa habari yangu ni hili: mwili wa perere hauwezi kulinda joto lake vizuri. Mnyama wa namna hiyo, kwenye mlima wenye usiku wa baridi kiasi cha kuona pumzi yako, anahitaji tundu lenye kuta nene. Shina tupu la mti mkubwa ndilo linalomweka hai. Saiprasi ya miaka ishirini haimpi tundu, msindano wa miaka ishirini haumpi tundu. Mwangati wa karne mbili unampa.

Nyumba tuliyolala iko ukingoni mwa msitu. Kwenye saa mbili usiku alianza: mikoromo michache, kimya, mikoromo tena, kisha sauti ikapanda ngazi kwa ngazi kama bawaba ya mlango wa chuma isiyotiwa mafuta, hadi ikawa ukelele kamili. Kabla haujaisha, mwingine akajibu kutoka bondeni. Halafu wa tatu. Mgeni asiyejua angeweza kukimbia. Watoto wa nyumba ile hawakuinua hata vichwa kutoka kwenye madaftari yao. Nilikaa nje na blanketi nikiwasikiliza mpaka saa tano, na kila ukelele nilioweza kuupa mwelekeo niliuhesabia mti mmoja wenye shimo. Huo ndio ukaguzi rahisi kuliko wote wa umri wa msitu. Mahali ambapo perere hawalii tena, ama wamewindwa kwa nyama na ngozi, ama miti yenye mashimo imekwisha.

Asubuhi ni zamu ya mbega. Wanaamka polepole. Hupanda kwenye vilele vya miti, wakakaa wakitazama jua, mashuka yao meupe ya mabegani yakipepea, na hawana haraka kwa sababu chakula chao kikuu ni majani, na majani yanataka muda. Tumbo la mbega limegawanyika vyumba, na vijidudu humo ndani vinachachusha majani ambayo mnyama mwingine yangemdhuru. Hana kidole gumba. Mkono wake umekuwa ndoana ya vidole vinne. Nilimwona mama mmoja amempakata mtoto mweupe kabisa, mweupe wa pamba, maana ndivyo wanavyozaliwa, na rangi nyeusi inawajia baadaye. Majike wengine walikuwa wakimpokea mtoto yule kwa zamu. Ukitaka kuwaona hivyo usiwafuate. Kaa chini, acha kuwanyooshea mkono, na wao wataacha kukujali.

Ndege wa asubuhi ni wengi, nami nitataja wawili tu. Shorobo unamsikia kwanza, sauti nzito inayokoroma kutoka ndani ya majani, kisha anaruka kutoka mti mmoja kwenda mwingine na mbawa zinafunguka nyekundu tupu. Wekundu huo ni rangi halisi yenye shaba ndani yake, inayopatikana kwa ndege wa ukoo wake tu. Ndege wengi wengine hupata wekundu kutokana na chakula. Anakula matunda, yakiwemo ya miti hii, na kuangusha mbegu mbali na mti mama. Tunda la mwangati kitaalamu ni koni, ila magamba yake yameungana yakawa kipunje kinene cha bluu-nyeusi chenye vumbi la nta, na ndege humeza kizima.

Wa pili ni hondohondo. Mbawa zake zinapiga hewa kwa kishindo ambacho unakisikia kabla hujamwona. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti mkubwa, dume analeta udongo aliomeza na kuucheua kwa vidonge, wakaziba mlango mpaka ubaki ufa wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Jike anakaa humo zaidi ya miezi mitatu, akilishwa matunda kupitia ufa ule. Hebu fikiria unene wa shina linaloweza kumhifadhi ndege wa ukubwa huo pamoja na kifaranga chake. Kisha fikiria ni mingapi iliyobaki.

Mingi iliondoka kabla hatujazaliwa. Wajerumani walipokuwa wakiita Lushoto Wilhelmstal, viwanda vya penseli vya Ulaya vilikuwa vinaishiwa mwerezi mwekundu wa Marekani, na mwangati ulichongeka vilevile, laini, bila kupasuka. Shume palijengwa kiwanda cha kupasua mbao. Tatizo lilikuwa kuzifikisha kwenye reli ya Tanga iliyoko chini nyikani, kwa hiyo kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilijenga njia ya waya ya angani kutoka juu ya mlima hadi stesheni ya Mkumbara. Magogo na mbao zilishuka zikining'inia juu ya genge, na kwa enzi yake ulikuwa ni uhandisi wa kustaajabisha. Mzee mmoja wa Shume, ambaye babu yake alifanya kazi ya kukokota magogo hayo, aliniambia alichosimuliwa na babu huyo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta miangati? Ile mikubwa ilipita hewani." Akanyoosha mkono kuelekea Mkumbara. "Babu alikuwa anasema walichagua iliyonyooka. Iliyojisokota na yenye matundu waliiacha, haikuwa na faida."

Nimeyafikiria sana maneno yake. Mti ule wa perere wenye mifereji umebaki kwa sababu haukufaa penseli. Sehemu kubwa ya msitu mzee tunaoufurahia leo ni miti iliyokataliwa na msumeno, na wanyama wamejipanga kwenye kasoro zake.

Lakini mzee aliniambia jambo jingine, nalo ndilo lililonitia wasiwasi wa kweli. "Hebu tafuta mtoto wa mwangati humo ndani." Tulitafuta, mimi na kijana, asubuhi nzima. Tuliona miche ya podo, ya mzeituni mwitu, ya miti ya majani mapana ya kila namna. Wa mwangati hatukuuona hata mmoja chini ya miangati.

Hiyo ndiyo tabia yake. Mche wa mwangati unataka jua na udongo ulio wazi. Chini ya kivuli cha wazazi wake haukui, na podo na miti mingine inayovumilia kivuli inachukua nafasi. Misitu mikubwa ya miangati ya Afrika Mashariki mara nyingi ilianza baada ya moto: moto unaua miti mikubwa, maana gome lake jembamba halina kinga, kisha ndege wanaleta mbegu kwenye majivu, na kizazi kizima kinaota pamoja. Kwa hiyo msitu wa miangati mizee ni kizazi kimoja kinachozeeka kwa wakati mmoja. Ukiulinda usiguswe kabisa, baada ya muda mrefu utakuwa msitu wa podo na mizeituni. Ukiuacha uungue kila mwaka na mbuzi wapite kila siku, utakuwa majani matupu.

Sisemi tuwashe moto. Moto wa siku hizi hauna mahali pa kuishia. Msitu ulikuwa mpana, sasa umebanwa na mashamba pande zote, na kipande kikiungua huenda hakuna mwangati wa jirani wa kuleta mbegu. Ninachosema ni kwamba kuweka uzio na kibao hakutoshi kwa mti huu. Unahitaji nafasi wazi zilizochaguliwa, pembezoni, kwenye kingo za mashamba ya misindano yanapovunwa, na unahitaji vitalu vya Lushoto vioteshe miangati kama vinavyootesha misindano na miparachichi. Eneo la msindano likivunwa, ukanda mmoja tu unaogusa msitu wa asili ungetosha kuanzia. Sijui kwa nini jambo dogo namna hii lisifanyike kwa upana.

Na kuhusu miti iliyokufa imesimama, hapo nina ombi la moja kwa moja. Katika misitu kadhaa wanavijiji wanaruhusiwa kuokota kuni kavu, na ni haki. Mama anayepika maharage kwenye baridi ile hawezi kuambiwa asubiri gesi. Matawi yaliyoanguka yapo tele na yanarudi kila msimu wa upepo. Ila gogo kavu lililosimama, lenye mashimo, lisihesabiwe kuni. Mwangati uliokufa unaweza kusimama miongo mingi kwa sababu mbao zake ni ngumu kuoza, na miaka hiyo yote unapangisha wapangaji. Wasimamizi wakiyapaka rangi magogo ya namna hiyo, machache kwa kila eneo, na kukaa na kamati za vijiji kuwaeleza kwa nini, gharama yake ni kopo la rangi na alasiri moja ya mazungumzo.

Kwa atakayekwenda: vaa sweta, hata kama kule chini Mombo ulikuwa unatokwa jasho. Suruali iingie ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu. Nenda nje ya masika kama hupendi matope. Usiende mbali. Watu wanataka kufika kwenye ukingo wa genge wapige picha ya nyika, na ukingo ni mzuri kweli, lakini wanapita mbio mahali ambapo kinyonga dume mwenye pembe tatu amekaa kwenye kijitawi mkono mmoja kutoka njiani. Kilomita mbili kwa asubuhi nzima ni mwendo mzuri. Kila unapofika kwenye shina nene, lizunguke lote, tazama juu, tazama chini, nusa.

Miche ya mwangati hatimaye niliiona, tena mingi, nikiwa njiani kurudi. Ilikuwa kwenye ukuta wa udongo mwekundu pale barabara ilipochongwa, juani kabisa, mifupi kama kiganja, na majani yake bado ya sindano zinazochoma, kwa maana mwangati mchanga una sindano na mkubwa una magamba. Mingine ilikuwa imekatwa vichwa na mbuzi. Lakini juu kidogo, mpakani mwa shamba la viazi, kulikuwa na minne iliyozungushiwa matawi ya miiba, na mama mwenye shamba alikuwa anapalilia.

"Hii umepanda mwenyewe, mama?"

"Ndege kapanda. Mimi nimeizuia mbuzi tu." Akajinyoosha, akaegemea jembe. "Mkwe wangu anataka kuing'oa, eti inakula nafasi ya viazi. Nimemwambia aniachie mpaka wa juu, viazi vina huku kote."

Nikamwuliza kama ningeweza kumsaidia kwa lolote. Akatazama miiba yake, ambayo upande mmoja ilikuwa imeshalala chini.

"Waya," akasema. "Ukija tena, niletee waya wa kuku, mita kama kumi. Na hao watu wa kitalu waulize kama wanataka mbegu, maana mti wa mamangu kule nyuma umejaa."